Mkasi Haurudi Nyuma

Roboti zinachomelea vyuma vya magari, zinapanga maboksi maghalani na kupaka rangi bila kuchoka, lakini kola ya shati bado inazishinda. Kitambaa hulegea, huteleza, hujikunja, na vipande viwili havijilazi kamwe kwa namna moja. Ndiyo maana karibu kila nguo iliyoshonwa, iwe imetundikwa dukani Kariakoo au imemwagwa kwenye turubai la mitumba Gikomba, imepita chini ya sindano ikiongozwa na vidole vya mtu aliyeketi mbele ya cherehani. Wengi wetu hatulifikirii hilo mpaka litokee janga. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, huko Savar nje ya jiji la Dhaka, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo vilivyokuwa humo ndani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na bado watu waliamriwa warudi kazini. Habari ile ilizunguka dunia, ikahuzunisha, ikapita. Ilipita upesi kwa sababu mnunuzi wa kawaida hana kipimo. Anajua bei ya shati, pengine anajua limetoka nchi gani, lakini hajui kola ile imegeuzwa mara ngapi kabla ya kukaa sawa shingoni. Mtu aliyewahi kushona shati moja tu, hata kama kola yake ilitoka imepinda, anacho kipimo hicho, na hawezi tena kukipoteza.

Siku hizi ushonaji wa nyumbani unanadiwa kwa sababu nyingine kabisa. Kwenye video na mitandao ya kijamii watu wanaambiwa washone ili watulize akili, waonyeshe ubunifu wao, waishi polepole. Sina ugomvi na mambo hayo, ila naona yametangulizwa mkia. Utulivu wa mshonaji haupatikani kwa kuutafuta. Unakuja kwa sababu kitambaa kinamlazimisha mtu aamue, na kila uamuzi una gharama inayoonekana kwa macho: ukishakata, umekata. Anayeshona nguo zake mwenyewe anapata kwanza mazoea ya kuamua kwa uangalifu, na mazoea hayo ndiyo yanayomfuata baadaye sokoni, kabatini na kibarazani kwa fundi. Nguo yenyewe ni nyongeza. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea hapa, na kulitetea kwahitaji kwanza kuondoa njiani hoja moja inayopendwa sana.

Hoja hiyo ni ya fedha. Ndiyo inayotajwa kwanza mtu anapoulizwa kwa nini ajishonee, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Zamani ilikuwa na nguvu. Watengenezaji wa vyerehani wa Marekani katikati ya karne ya 19 walitangaza kwamba shati la mwanamume lililochukua zaidi ya saa 14 kushonwa kwa mkono lilimalizika kwa cherehani kwa muda wa saa moja na robo hivi. Hata tukipunguza chumvi ya tangazo la biashara, tofauti ilikuwa kubwa, na kampuni ya Singer ilipoanza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, familia nyingi ziliona ni busara kuingia deni. Leo hesabu imepinduka. Yadi mbili za kitambaa cha pamba, uzi, vifungo na gamu ya kola vinaweza kumgharimu mtu wa Dar es Salaam au Kisumu zaidi ya shati la mtumba lililo zima, lenye mshono bora kuliko atakaoupiga yeye. Serikali zenyewe zimejaribu kushindana na mitumba zikashindwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo kuukuu za kutoka nje ifikapo 2019, ili viwanda vya ndani vipate kupumua. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, ikatajwa AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, na nchi moja baada ya nyingine ikarudi nyuma. Rwanda peke yake ilishikilia uamuzi wake, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye nafuu hiyo. Kama marais hawakuweza kuishinda bei ya mtumba, hakuna haja ya kumwambia mama wa nyumbani kwamba ataishinda kwa cherehani cha miguu. Nani hakumbuki Urafiki ya Dar es Salaam, Mwatex ya Mwanza, Kicomi ya Kisumu? Viwanda vile vya nguo vilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, na bado soko huria liliviyumbisha.

Basi tuiache fedha, tutazame kazi yenyewe. Chukua kitenge cha yadi sita chenye picha za ndege wakubwa, na mtu anayetaka kukitoa gauni la kawaida, lisilo na mbwembwe. Kabla hajagusa mkasi ana maswali yanayongoja majibu. Je, kitambaa kimefuliwa? Pamba nyingi hunywea inapoguswa na maji mara ya kwanza, na gauni lililoshonwa kabla ya kufuliwa huja kubana kifuani baada ya wiki mbili. Je, ndege wote wanatazama upande mmoja? Kama ndiyo, akikunja kitambaa na kukata mbele na nyuma kwa pamoja bila mshono begani, ndege wa kifuani watatazama juu na wa mgongoni wataning'inia vichwa chini. Kisha kuna nyuzi za kitambaa. Zile zinazokwenda sambamba na ukingo hazivutiki, zile za kukatiza huvutika kidogo, na ukikata mshazari kitambaa hunyumbuka na kujimwaga. Fundi mzuri huutumia mshazari kwa makusudi, kwa sketi ya kumwagika au kwa utepe wa kumalizia shingo. Mwanafunzi huuangukia kwa bahati mbaya, akashangaa kwa nini upande mmoja wa gauni umerefuka. Kuna ndege wa katikati naye: akae kitovuni, kifuani, au asogezwe asije akagawanywa na zipu? Na kuna nafasi ya mshono. Anayejishonea atajifunza haraka jambo ambalo mafundi wetu wamelijua siku zote, kwamba ubavuni inafaa kuacha akiba, kwa kuwa mwili wa mwaka huu si lazima uwe wa mwaka ujao.

Baada ya mkasi kuna sindano, nayo ina sheria zake. Mshono wa cherehani hufanywa na nyuzi mbili, mmoja unatoka juu na mwingine kwenye bobini chini, na zinafungana katikati ya tabaka za kitambaa. Ukazo ukiwa sawa, fundo linajificha ndani na pande zote mbili zinaonekana safi. Uzi wa juu ukikazwa kupita kiasi, unauvuta wa chini na vitone vyake vinachungulia juu. Ukilegea, chini kunafumka mafundo kama nyasi zilizosukwa na mtoto. Hakuna njia ya kuurekebisha ukazo kwa kukasirika. Unachukua kipande cha kitambaa kile kile, unajaribu, unageuza kiskurubu robo ya mzunguko, unajaribu tena, unatazama kwa karibu. Anayeanza huona jambo hili ni adha. Baada ya muda anagundua kwamba kwa nusu saa nzima hakuifikiria simu yake.

Hapo ndipo maneno ya utulivu yanapopata ushahidi. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, mzaliwa wa familia ya Kihungari aliyefanya kazi Marekani, alitumia miaka mingi kuwahoji wachoraji, wapanda milima, wacheza chesi na madaktari wa upasuaji kuhusu saa zile ambazo mtu anazama katika kazi hadi anasahau njaa. Kitabu chake cha mwaka 1990 kilieleza kwamba hali hiyo ina masharti: lengo lionekane wazi, kazi yenyewe imjibu mtendaji papo hapo kama amefanya vyema au vibaya, na ugumu wake ulingane na uwezo wake, usiwe mdogo wa kumchosha wala mkubwa wa kumtisha. Ushonaji unayatimiza yote matatu. Mshono ukienda kombo unauona sentimita moja baadaye, hungoji ripoti ya mwisho wa mwaka. Na ngazi za ugumu zipo tele, kuanzia foronya hadi koti lenye bitana. Kwa hiyo wanaosema kushona kunatuliza hawakosei, ila wanasahau kusema kwamba kunatuliza kwa sababu kunadai. Mtu akikaa kwenye cherehani ili apumzike tu, atakutana na uzi uliokatika na sindano iliyovunjika, naye atainuka na hasira zaidi ya alizokaa nazo.

Msomaji mwenye jicho kali atauliza: kama kushona kunaleta utulivu, mbona mfanyakazi wa kiwanda cha jinzi katika eneo la viwanda la EPZ la Athi River, anayeshona kutwa, hatangazi raha hiyo? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha jambo lote. Kiwandani shati au suruali imegawanywa katika hatua nyingi ndogo. Huyu anashona mfuko wa nyuma, yule anapachika zipu, wa tatu anakunja pindo, na kila mmoja ana idadi ya vipande anavyopaswa kuvitoa kwa saa. Mikono yake ni myepesi kuliko ya mshonaji yeyote wa nyumbani, pengine mara kumi. Asichokuwa nacho ni uamuzi. Umbo la mfuko liliamuliwa kwingine, kitambaa kilichaguliwa kwingine, kasi yake imepangwa na msimamizi. Sindano ni ile ile na uzi ni ule ule, lakini kilichoondolewa ni kile hasa kinachomzamisha mtu kazini. Tukitaka kujua kama thamani ya kushona iko kwenye mwendo wa mikono au kwenye kuamua, viwanda vimekwisha kutufanyia jaribio.

Mahatma Gandhi aliligusa jambo hili kwa njia yake. Alikuwa mkali kwa mashine, akawahimiza Wahindi wasokote uzi wao, lakini cherehani cha Singer alikitoa katika lawama, akikihesabu miongoni mwa vitu vichache vya maana vilivyowahi kubuniwa. Alipobanwa kwamba hata vyerehani vinahitaji kiwanda cha kuvitengeneza, alikubali. Kigezo chake kilikuwa mtu: mashine inayompunguzia mtu mzigo huku ikimwacha bwana wa kazi yake ni halali, ile inayomgeuza kiungo chake si halali. Aliamini pia kwamba Singer alikibuni kwa kumhurumia mkewe aliyekuwa akishona kwa mkono. Hadithi tamu. Isaac Singer wa kweli alikuwa na familia kadhaa kwa mpigo na watoto zaidi ya 20, na alichokitafuta kwenye cherehani, alichokiandikishia hataza mwaka 1851, miaka mitano baada ya Elias Howe kuandikisha chake, kilikuwa utajiri. Hilo halikiharibii cherehani sifa yake.

Pwani yetu haikuhitaji wanasaikolojia kuijua kazi ya namna hii. Kofia ya viua ya Zanzibar, na ya vito huko Lamu, ni kitambaa cheupe kilichochorwa kwa penseli, duara la juu na ukanda wa ubavuni, kisha vitundu vidogo vinatobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi kwa mkono mpaka ua litokee. Kofia nzuri huchukua majuma, nyingine miezi, na hushonwa katikati ya maisha: mtu anashona huku maharage yako jikoni, huku wageni wanazungumza, huku redio inasoma habari. Kazi hiyo hiyo ilivuka bahari, na ukiitazama kofia ya kumma ya Oman kwa karibu unaona vitundu vile vile na uvumilivu ule ule. Anayedarizi kofia hasemi kwamba anafanya mazoezi ya utulivu. Anasema anashona kofia ya mwanawe au ya mumewe, au anashona auze. Lakini anajua kwamba mkono ukienda wakati akili haipo, kitundu kinakuwa kikubwa kuliko jirani yake, na kosa hilo litakaa kichwani mwa mtu msikitini kila Ijumaa.

Kanga nayo ni somo la kwanza la ushonaji ambalo watu wengi wamelipata bila kuliita somo. Doti hununuliwa ikiwa haijakatwa, vipande viwili vimeungana. Mnunuzi hukata katikati, kisha anapinda zile ncha zilizo wazi, kwa mkono au kwa cherehani cha jirani. Mshono wenyewe ni mdogo, lakini umemlazimisha mtu ashike kitambaa, autafute mstari, akate wima. Hatua ya pili ni pale anapotaka kuitoa kanga gauni. Kanga ina pindo linalozunguka, mji wa katikati na jina lake chini, na havikuwekwa hapo kwa ajili ya gauni. Pindo lishuke mpaka chini ya sketi au lipande kifuani? Mji ukae mbele au mgongoni? Na jina je? Ukilikata ovyo, mtu atatembea mjini na nusu ya maneno makalioni, na nusu iliyobaki inaweza kusema kinyume cha ile kamili. Wabunifu hodari hulipitisha jina lote kwenye kiuno au kwenye ukingo wa chini, wengine huliondoa kabisa. Watu wasemao kwamba kushona kwa kufuata pateni si ubunifu hawajawahi kukabiliwa na kanga na mkasi. Ubunifu wa mshonaji ni wa kujibu: kitambaa kina upana huu, kina picha hii, mwili una mabega haya, fedha zilizobaki ni hizi, basi nifanyeje? Majibu mawili hayafanani hata kwa dada wawili wa tumbo moja walionunua doti ya aina moja.

Mwili, kwa hakika, ndio unaosahauliwa zaidi katika mjadala huu. Nguo za dukani hukatwa kwa saizi chache, na anayevaa analazimika kujiweka ndani ya mojawapo. Suruali ikimbana nyonga na kupwaya kiunoni, hulaumu nyonga zake. Anayejipima kwa futi, kifua, kiuno, nyonga, mgongo kuanzia shingoni, urefu wa mkono ukiwa umekunjwa kidogo, hukutana na namba ambazo hazina lawama ndani yake. Bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Vizuri, kipande cha kulia kitakatwa hivyo. Sijui kama kuna maneno ya kumsifu mtu umbo lake yanayofanya kazi vizuri kuliko kumwonyesha kwamba kosa lilikuwa kwenye nguo.

Sasa uangalifu huo unakwenda wapi baada ya gauni kukamilika? Unakwenda kwenye kutunza. Mwaka 2012 mtafiti Michael Norton na wenzake walichapisha utafiti uliowashirikisha watu waliokunja maumbo ya karatasi na kuunganisha samani rahisi. Waliotengeneza kwa mikono yao walikuwa tayari kulipia vitu vyao, vibovu mbele ya macho ya wengine, karibu sawa na vya wataalamu. Lakini thamani hiyo ilipotea pale kazi ilipoachwa bila kumalizika au ilipobomolewa. Watafiti waliona humo upofu kidogo, na wana haki. Mimi naona pia kinga. Taasisi ya Ellen MacArthur ilikadiria mwaka 2017 kwamba utengenezaji wa nguo duniani ulikuwa umeongezeka takriban maradufu ndani ya miaka 15, huku idadi ya mara ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kutupwa ikishuka kwa asilimia 36. Tumezungukwa na nguo nyingi tusizozijali. Mtu aliyetumia siku mbili kwa sketi moja haitupi kwa kuwa zipu imeharibika, kwani zipu hiyo aliipachika yeye, na anajua ilivyoingia na itakavyotoka. Kiraka, kurefusha pindo, kugeuza kola iliyochakaa upande wa pili, haya yalikuwa maarifa ya kila nyumba, na yanarudi yenyewe pale mtu anapojua nguo imejengwaje.

Isifikiriwe kwamba washonaji ni malaika wa mazingira. Kuna ulafi wao maalumu, wa vitambaa. Wapo wenye kabati zima la vitenge vilivyonunuliwa kwa kuwa vilikuwa vizuri, vinavyongoja mtindo ambao haujapatikana. Kitambaa kilichokaa kabatini miaka minne hakijaokoa chochote. Hapa pia tiba ni kukata, kwa kuwa anayeshona kweli hujua jioni zake zinatosha gauni ngapi kwa mwaka, na idadi hiyo humtisha kidogo anaposimama mbele ya muuza vitenge.

Pingamizi zito kuliko yote nalisikia kwa wanawake, na halijibiwi kwa mzaha. Sindano ilitumika kuwaweka mahali. Shule nyingi za misheni ziliwafundisha wavulana useremala na ukarani, wasichana zikawafundisha kushona na kupika, na cheti cha kudarizi vizuri hakikumpeleka msichana ofisini. Wakati huo huo, mafundi waliokaa vibarazani wakipokea fedha walikuwa aghalabu wanaume. Sindano ya bure ilikuwa ya mwanamke, cherehani cha kulipwa kikawa cha mwanamume. Mtu aliyeona bibi yake akishonea watoto wanane kwa taa ya chemli ana haki ya kucheka anapoambiwa kwamba hayo yalikuwa maisha ya utulivu na ubunifu. Jibu langu ni kwamba hoja ya kuamua inakata pande zote mbili. Kushona kwa kulazimishwa, kwa kuwa wewe ni binti na kaka yako anacheza mpira, kunakosa kitu kile kile ambacho mfanyakazi wa kiwandani amenyang'anywa. Kwa hiyo asiyetaka kushona asisumbuliwe, na anayetaka asiulizwe jinsia yake. Kenya ilipoanza mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985 masomo ya mikono yalipewa uzito shuleni, ingawa baadaye yalipunguzwa kwa kuwa mzigo wa mitihani ulikuwa mkubwa. Lilikuwa wazo jema lililobebeshwa mtihani. Mvulana anayejua kupachika kifungo na kupinda suruali yake anakuwa na utegemezi mmoja pungufu, na akioa au asipooa, nguo zake zitakuwa na vifungo.

Kuhusu muda, ni kweli kwamba anayetoka kazini saa moja jioni baada ya kukaa kwenye foleni hana saa ya kushona koti. Hakuna aliyemwambia ashone koti. Sketi ya lastiki inataka mistari minne ya mshono, foronya ni mitatu. Wala hakuna sharti la kujishonea kila kitu: nguo tatu kwa mwaka zinatosha kumfundisha mtu yote niliyoyaeleza hapa. Cherehani cha miguu, kama vile Butterfly na Singer vinavyoonekana kila mtaa, hakijali umeme kukatika, na kikitiwa mafuta hudumu kurithiwa. Mwalimu wa bei nafuu kuliko wote naye yuko pale pale kwenye turubai la mitumba. Nunua shati moja lililochoka, lifumue taratibu kwa ncha ya wembe, mshono baada ya mshono, upange vipande sakafuni kama ulivyovitoa. Utaona kola ina tabaka mbili na gamu katikati, utaona mkono wa shati una mlima juu yake ambao haulingani mbele na nyuma, utaona mfuko ulipindwa kabla ya kupachikwa. Vipande hivyo ukivinyoosha kwa pasi na kuvichora kwenye karatasi vinakuwa pateni. Rafu za vitabu vya ushonaji hazikufundishi zaidi ya hapo katika mwezi wa kwanza.

Linabaki swali la mafundi. Afrika Mashariki haikufika pale walipofika Wazungu wengi, ambapo kushonesha nguo ni anasa ya matajiri. Kwetu fundi yuko kwenye kona, na ndiye anayeshona sare za shule, nguo za harusi na kanzu za Idi. Je, watu wakijishonea, hawamkati riziki? Ningeogopa hivyo kama ningeamini kwamba washonaji wa nyumbani wataacha kwenda kwake. Ukweli ni kwamba wanakwenda kwa mambo mengine. Hawana mashine ya ovaloki, kwa hiyo wanabeba vipande vyao kwenda kuzungushiwa kingo. Matundu ya vifungo yanawashinda, suti hawaithubutu. Na wanapokwenda, wanakwenda wakiwa wateja wa namna tofauti. Hawapeleki kitambaa siku tatu kabla ya Idi wakitegemea miujiza. Wanajua kusema wanataka dati ziishie wapi, hawarudi kulalamika kwamba gauni halifanani na picha ya simu iliyopigwa kwa kitambaa kingine. Na fundi akitaja bei ya gauni lenye bitana na zipu ya kuficha, hawaanzi kuteremsha mpaka nusu, kwa sababu wanajua kwamba bitana ni gauni la pili lililoshonwa ndani ya la kwanza.